Elektropopu ni muziki gani, na kwa nini si kila wimbo wa kompyuta unaingia humo

Fungua programu ya kusikilizia muziki kwenye simu, tafuta wimbo, na chini ya jina la msanii mara nyingi utakuta kijineno kinachotaja aina ya muziki. Kijineno hicho ndicho kinachowasha ubishi kwenye vijiwe vya bodaboda vya hapa Mwanza, kuanzia Buzuruga hadi Nyegezi, hasa kikiwa ni elektropopu. Mmoja atasema hiyo ni Bongo Fleva ya wazungu. Mwingine atashikilia kwamba ni muziki wowote uliopikwa kwenye kompyuta, kwa hiyo hata wimbo wa harusi uliorekodiwa Mabatini ni elektropopu. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sabufa kubwa kuliko wenzake, atafunga kesi: elektropopu ni ile sauti ya mwimbaji iliyochezewa mpaka ikawa ya roboti.

Hakuna kati yao aliyesema upuuzi mtupu, lakini hakuna aliyefika.

Elektropopu ni wimbo wa popu uliojengwa kwa sauti za umeme ambazo hazioni haya kuwa za umeme. Maana hiyo ina nguzo mbili, na ubishi mwingi unatokana na watu kushika moja wakaisahau ya pili.

Nguzo ya kwanza ni wimbo wa popu. Ni wimbo mfupi, dakika tatu au nne, wenye beti na kiitikio kinachonasa kichwani, na mtu anayeimba jambo linaloeleweka na kila mtu: mapenzi, kuachwa, usiku wa mjini, hamu ya kucheza. Nguzo ya pili ni sauti za umeme zisizojificha. Hapa ndipo penye siri ya neno zima.

Chukua studio ndogo za mtaani: chumba kimoja, kompyuta mpakato, maikrofoni, trei za mayai zimebandikwa ukutani ili kupunguza mwangwi. Prodyuza anakaa humo na kutoa wimbo wenye gitaa la solo, tarumbeta, ngoma na watu wanaoitikia, na hakuna chombo hata kimoja kilichoingia mlangoni. Kompyuta imefanya kazi ya bendi nzima. Lakini nia ya prodyuza ni wewe usikie bendi; ukimwambia gitaa lake linasikika la kubonyeza, umemtukana. Kwenye elektropopu hilo si tusi. Milio ya kubipu, besi inayoguguma bila uzi wowote, ngoma zinazopigwa kwa usawa ambao mkono wa binadamu hauuwezi, vyote vimewekwa mbele kwa makusudi, na binadamu anaimba katikati yake.

Kwa hiyo kompyuta yenyewe si kipimo. Karibu kila kitu kinachorushwa hewani leo na Radio Free Africa au kituo kingine chochote kimepita kwenye kompyuta mahali fulani: injili, taarabu, Bongo Fleva, nyimbo za Kisukuma. Tungetumia kipimo hicho, tungebaki na aina moja tu ya muziki duniani.

Sauti inayozaliwa kwenye umeme

Ngoma za Wasukuma zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, hulia kwa sababu ngozi inatetema. Zeze linatetemesha uzi, filimbi inatetemesha hewa. Sintesaiza, chombo kikuu cha elektropopu, haina ngozi wala uzi. Ndani yake kuna saketi inayofanya umeme upande na kushuka kwa mpangilio, na umeme huo unapofika kwenye spika ndipo kiwambo cha spika kinapoanza kusukuma hewa. Ukipanda na kushuka mara 440 kwa sekunde, unasikia nota ya La ambayo bendi nyingi hulinganishia vyombo vyao. Ukishushwa hadi mara 55, unapata La ileile kwa chini kabisa, besi ambayo kwenye sabufa ya baa hutikisa chupa mezani.

Kupanda na kushuka huko kuna umbo. Umeme ukipanda polepole kisha ukaporomoka ghafla, mchoro wake unakuwa na meno, na mafundi wanauita wimbi la msumeno. Sauti yake ni kali na imejaa. Ukiruka juu ukakaa, ukaruka chini ukakaa, hilo ni wimbi la mraba, lenye sauti ya uwazi ndani ambayo waliocheza michezo ya televisheni ya zamani wanaijua bila kuambiwa jina lake.

Sauti ghafi ya namna hiyo huchosha masikio haraka, kwa sababu imebeba mitetemo mingi kwa mpigo: ya polepole inayotoa besi, na ya kasi inayotoa ukali. Kazi ya kuichambua ni ya kichujio, na mtu aliyewahi kusimama mwaloni Kirumba ataelewa kichujio bila darasa. Wavu una macho. Macho yakiwa madogo, hupenya vidogo tu. Ukiyapanua, hupenya na vikubwa. Kichujio cha sintesaiza nacho kina macho, ila haya hupanuliwa na kufinywa kwa kugeuza kitufe huku muziki ukiendelea. Yakifinywa, hupita mitetemo ya polepole peke yake na sauti inakuwa nzito, imefunikwa. Yakipanuliwa taratibu, mitetemo ya kasi nayo huanza kupenya na sauti inang'aa. Ule mvutano unaousikia kabla ya kiitikio, pale muziki unapoonekana kufunguka wenyewe, mara nyingi ni kitufe kimoja kinachogeuzwa.

Kisha kuna suala la muda: sauti ianze ghafla au ipande taratibu, ife mara moja au ining'inie. Kwa vitu vitatu hivyo, yaani umbo la wimbi, kichujio na muda, fundi anaweza kutengeneza sauti ambayo haijawahi kutoka kwenye chombo chochote cha mti au shaba. Ndiyo maana wapenzi wa sintesaiza huzungumzia sauti kwa uchu ambao sisi wengine tunauweka kwenye vyakula.

Jina linalotajwa zaidi katika uundaji wake ni Robert Moog, Mmarekani aliyeonyesha sintesaiza yake mwaka 1964. Ilikuwa kabati la vitufe na nyaya, na kulihamisha kulikuwa shughuli. Mwaka 1970 ikaja Minimoog, iliyoweza kubebwa na kupelekwa jukwaani. Ilikuwa na udhaifu mmoja: ilitoa nota moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza vidole vitatu, unasikia kidole kimoja. Udhaifu huo uliacha alama. Sintesaiza nyingi za mwanzo zilikuwa hivyo, na sikio langu linasikia hapo sababu mojawapo ya nyimbo nyingi za awali za elektropopu kuwa na mstari mmoja mwembamba wa melodia, rahisi kiasi cha mtoto kuupiga mluzi, unaorudi na kurudi.

Mashine za ngoma zina kisa chao. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa TR-808 mwaka 1980. Haikuwa na sauti ya ngoma halisi ndani yake. Ilizitengeneza kwa saketi, na wengi waliisikia wakacheka kwamba haifanani na ngoma. Zikatengenezwa takriban 12,000 hivi, na mwaka 1983 uzalishaji ukasimama. Zikaishia kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya kutupwa, na hapo ndipo vijana wasio na hela walipoziokota. Teke la ngoma lile lililodharauliwa ndilo besi nzito ya hip hop mpaka leo, ya Tanzania ikiwemo.

Mwaka huohuo wa 1983 makampuni yaliyokuwa yakishindana yalikubaliana kanuni moja ya mashine za muziki kupeana maagizo, inayoitwa MIDI. Kabla yake, sintesaiza ya kampuni moja haikuelewana na ya kampuni nyingine. Baada yake, kinanda kimoja kiliweza kuamrisha mashine ya ngoma na sintesaiza nne kwa pamoja. Prodyuza wa Igoma anayebonyeza kinanda kidogo kilichochomekwa kwenye kompyuta leo bado anatumia kanuni ileile.

Vijana wa miji ya viwanda

Watu wengi wakisikia elektropopu wanawaza Marekani. Mizizi yake mikubwa iko Ujerumani, Uingereza na Japani.

Düsseldorf, mji wa viwanda wa Ujerumani, ndiko Ralf Hütter na Florian Schneider walikoanzisha kundi la Kraftwerk mwaka 1970. Mwaka 1974 walitoa albamu iliyoitwa Autobahn, yaani barabara kuu, na wimbo wake mkuu una zaidi ya dakika 22 za safari ya gari kwa sauti za mashine. Uliofupishwa kwa ajili ya redio ukaingia kwenye chati za Marekani mwaka 1975. Kraftwerk walisimama jukwaani wamevaa suti, hawachezi, hawatabasamu. Watu walidhani ni mzaha, na kwa kiasi fulani ulikuwepo mzaha. Lakini nyimbo zao fupi zilikuwa popu halisi. Wimbo wao wa mwaka 1978 kuhusu mwanamitindo ulishika namba moja Uingereza mwaka 1982, miaka minne baada ya kurekodiwa. Masikio ya watu yalikuwa yamewafikia kwa kuchelewa.

Munich, mwaka 1977, kilitokea kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha hadithi nzima. Prodyuza Giorgio Moroder, mwenzake Pete Bellotte na mwimbaji Mmarekani mweusi Donna Summer walikuwa wanatengeneza albamu ambayo kila wimbo ulirejelea zama fulani za muziki. Kwa zama zijazo wakaamua kutumia sintesaiza ya Moog badala ya bendi. Matokeo yake ni I Feel Love. Besi inakimbia bila kupumua, kila nota imepimwa na mashine, na juu yake Donna Summer anaimba kwa sauti nyepesi, karibu ya mtu aliyelala. Kitu kimoja humo kilipigwa na binadamu: teke la ngoma kubwa, lililopigwa na Keith Forsey, kwa sababu Moog haikuweza kutoa teke lenye uzito wa kutosha. Usikilize wimbo huo ukijua hilo. Mashine ni baridi, mwimbaji ni moto, na hakuna anayemzidi mwenzake. Nyimbo za elektropopu zilizokuja baadaye, nzuri na mbaya, zinahangaika na mizani hiyo.

Japani nako, mwaka 1978, Haruomi Hosono, Yukihiro Takahashi na Ryuichi Sakamoto waliunda Yellow Magic Orchestra, wakaipa elektropopu ucheshi ambao Wajerumani waliubana.

Uingereza ndiko ilikogeuka kuwa muziki wa vijana wa kawaida. Gary Numan alikwenda studio kurekodi muziki wa magitaa, akakuta Minimoog iliyoachwa na mteja aliyetangulia. Aliibonyeza, na mipango yake ikabadilika hapohapo. Mwaka 1979 alikuwa na wimbo namba moja. Sheffield, mji wa chuma ambako ajira viwandani zilikuwa zinayeyuka, kundi la Human League liliwachukua wasichana wawili wa shule, Susan Ann Sulley na Joanne Catherall, kutoka kwenye ukumbi wa disko, wakiwa hawana uzoefu wowote wa kuimba kazini. Mwishoni mwa mwaka 1981 wimbo wao Don't You Want Me ukawa namba moja Uingereza, na mwaka uliofuata Marekani. Kiongozi wa kundi, Philip Oakey, hakuupenda. Kwenye albamu uliwekwa mwisho kabisa. Basildon, mji mdogo karibu na London, ukatoa kundi la Depeche Mode.

Kwa nini wakati ule? Bei. Makampuni ya Japani yalileta sintesaiza ambazo kijana mwenye kibarua angeweza kuzidunduliza. Gitaa linahitaji miezi ya vidole kuuma kabla hujatoa kitu cha kusikilizika. Sintesaiza ilitoa sauti nzito kwa kidole kimoja, siku ya kwanza.

Wanamuziki wa vyombo hawakufurahi. Mwaka 1982 tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki cha Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sintesaiza na mashine za ngoma zipigwe marufuku. Watu hulitaja azimio hilo kwa kicheko, mimi sicheki sana. Muulize mzee yeyote aliyepiga gitaa kwenye bendi za kumbi za Mwanza kazi ilienda wapi: mtu mmoja mwenye kinanda alichukua nafasi ya watu wanane, kisha mwenye flashi na spika akachukua nafasi ya mwenye kinanda. Hofu yao ilikuwa na msingi. Walichokosea ni kudhani kwamba kinachokuja si muziki.

Ubishi wa vijiweni, hoja kwa hoja

Turudi kwa yule mwenye sabufa. Sauti ya mwimbaji inayokatika na kuruka kiroboti kwa kawaida hutokana na Auto-Tune, programu iliyotoka mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mtaalamu wa kuchambua mawimbi yanayopenyezwa ardhini kutafuta mafuta. Hesabu za namna ile akazihamishia kwenye sauti ya binadamu. Kazi yake ya asili ni kusahihisha nota iliyoenda pembeni, kimyakimya, bila msikilizaji kujua. Mwimbaji Mmarekani Cher na maprodyuza wake waliikaza kupita kiasi kwenye Believe ya mwaka 1998, na kwanza walificha namna walivyofanya. Wakati huo elektropopu ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20. Nyimbo zake nyingi maarufu zaidi, za Human League, za Depeche Mode, za Eurythmics, zimeimbwa na sauti za watu kama zilivyo. Auto-Tune unaikuta kwenye kwaya, kwenye rapu, kwenye nyimbo za Kisukuma. Ni kiungo, na kiungo hakikuambii umepikiwa chakula gani.

Dai la kwamba mashine inafanya yenyewe huwa linatoka kwa watu ambao hawajawahi kukaa nyuma ya prodyuza usiku kucha akitafuta teke moja la ngoma. Mashine hupiga kile ilichoamriwa. Haijui kiitikio kije lini, wala haijui kwamba ukiondoa besi kwa sekunde mbili kabla ya kiitikio watu watapiga kelele. Wapo wavivu wanaobandika vipande vilivyotengenezwa na wengine na kuita wimbo, hilo ni kweli. Wavivu wa gitaa nao wapo.

Muziki wa klabu ndio unaochanganya hata watu makini. Tekno ilizaliwa Detroit, na hausi Chicago, zote mikononi mwa vijana weusi wa Marekani katika miaka ya 1980, na waanzilishi wa tekno walikuwa wamewasikiliza Kraftwerk kwa makini. Vyombo ni vilevile. Tofauti iko kwenye umbo. Muziki wa tekno umetengenezwa ili DJ auunganishe na mwingine na watu wacheze bila kukatizwa. Unaweza kwenda dakika nane bila ubeti wala kiitikio, na sauti ya mtu ikiwemo ni neno moja linalorudiwa. Elektropopu inakwenda kinyume: ondoa mwimbaji na hadithi yake, wimbo umekufa. Huwa najaribu hivi. Kama ninaweza kuuimba wimbo mzima nikiwa ndani ya daladala, bila muziki, na jirani akauelewa, nguzo ya kwanza ipo. Kisha nawaza ungepigwa kwa gitaa na ngoma za kawaida. Ukipoteza sura yake, nguzo ya pili ipo. Zikiwepo zote mbili, uite elektropopu.

Je, ni ya wazungu tu?

Hapana, na si kwa maana ya kutafuta sifa za kulazimisha.

Enugu, Nigeria, William Onyeabor alitoa mwenyewe mfululizo wa albamu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1985, akiwa amezungukwa na sintesaiza na mashine za ngoma ambazo wenzake wengi hawakuwa hata wameziona. Nyimbo zake ni ndefu kuliko popu ya kawaida, lakini viitikio vyake vinashika. Baadaye aliokoka, akaacha muziki, na kwa miaka mingi alikataa kabisa kuuzungumzia. Francis Bebey, Mkameruni aliyeishi Paris, aliweka mashine ya ngoma chini ya sanza, kile kinanda cha vidole ambacho Wagogo wanakiita ilimba, na matokeo hayafanani na ya mtu mwingine yeyote. Afrika Kusini, Brenda Fassie na kundi lake walitoa Weekend Special mwaka 1983, wakati uleule Waingereza walipokuwa kileleni. Sintesaiza mbele, kiitikio cha kuimbwa na mtaa mzima, na hadithi ya msichana anayetafutwa wikiendi tu. Mtu akinibana nitaje wimbo mmoja wa elektropopu wa Afrika, nitautaja huo.

Kimataifa, elektropopu ilififia magitaa yaliporudi miaka ya 1990, kisha ikaibuka upya. Robyn wa Sweden alitoa Dancing On My Own mwaka 2010, wimbo wa mtu anayecheza peke yake ukumbini huku akimtazama mpenzi wake wa zamani na mwingine. Lady Gaga alivuma mwaka 2008 kwa Just Dance, na aliyeitengeneza ni RedOne, mzaliwa wa Tétouan, Moroko. The Weeknd, aliyetoa Blinding Lights mwishoni mwa mwaka 2019 kwa sauti zilizochotwa moja kwa moja kutoka miaka ya 1980, ni mtoto wa wahamiaji kutoka Ethiopia.

Na huku kwetu? Singeli ndiyo inayotajwa kwanza, na hapa nitawaudhi baadhi ya watu: singeli si elektropopu. Ni ya umeme, bila shaka. Ilizaliwa kwenye mitaa ya Dar es Salaam kama Tandale na Manzese, kwa vipande vya taarabu vilivyoharakishwa kwenye kompyuta za bei nafuu, na mwendo wake unafika mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati elektropopu nyingi hutembea kati ya 100 na 130. Juu yake MC anachana na kuwachombeza wachezaji. Nguvu yake ni ngoma na mbio, si kiitikio. Ndugu zake ni tekno na muziki wa klabu, ndiyo maana wapenzi wa muziki wa klabu duniani waliipokea haraka: lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, na tamasha linalohusiana na lebo hiyo limefanyika tangu 2015 upande wa pili wa ziwa letu, Jinja, pale Nile inapoanzia.

Taarabu ya kisasa ilipoweka kinanda mahali pa fidla na qanuni, wazee walilalamika. Lakini kinanda kile kinajitahidi kuwa fidla, kwa hiyo kipimo cha kutojificha kinaitoa nje. Nyimbo za Kisukuma za siku hizi, zile zinazouzwa kwenye memori kadi stendi ya Nyegezi na Buzuruga, zinanipa shida zaidi. Kinanda chake hakijifichi hata kidogo. Mlio wake ni wa umeme na wapenzi wanautaka hivyohivyo. Kinachozitoa nje ni umbo: mwimbaji ni mtunzi wa zamani aliyepata vyombo vipya, anasimulia, anataja watu, anafumba, na beti zinaweza kwenda mbali bila kujali kiitikio. Siku kijana wa Magu au Misungwi atakapoufupisha usimulizi ule ndani ya dakika tatu na kuupa kiitikio, itakuwepo elektropopu ya Kisukuma, na sitashangaa ikiwa tayari ipo kwenye flashi ya mtu.

Bongo Fleva huchota popote inapoona utamu. Leo amapiano, kesho afrobiti, keshokutwa zouk. Katikati ya hizo zimo nyimbo zinazotimiza nguzo zote mbili, hata kama hakuna aliyeziandika hivyo. Msanii hana ulazima wa kujua jina la aina yake.

Anayetaka kuanza kusikiliza aanze na I Feel Love, kisha Don't You Want Me, kisha Weekend Special, kisha Dancing On My Own. Miaka 33 ndani ya takriban dakika 20. Na asitumie sabufa. Sabufa nyingi za mtaani zimetengenezwa kupandisha besi na kuzamisha sauti za katikati, ambako ndiko sintesaiza inakofanya kazi yake nyingi. Ukisikilizia hapo utasikia teke la ngoma na mwimbaji kwa mbali. Vaa spika za masikioni, hata zile za bei ndogo za Makoroboi. Kwenye wimbo wa Robyn, acha maneno kwa mara ya kwanza na ufuate ile besi inayopigapiga tangu sekunde ya kwanza: karibu muda wote haibadiliki, na mabadiliko unayoyasikia yanaletwa na vitu vinavyoongezwa na kuondolewa juu yake.